Kiota cha lugha

Kiota cha lugha (kwa Kimaori: *kōhanga reo*) ni chekechea ambamo watoto wadogo, kuanzia wachanga hadi wanaokaribia umri wa kwenda shule, hulelewa kwa lugha ya mababu zao ambayo kwa kawaida haisemwi tena nyumbani kwao. Walezi huongea lugha hiyo pekee tangu mtoto anapofika asubuhi hadi anapochukuliwa: katika michezo, chakula, kunawa, kulala na kuagana. Hakuna kipindi cha lugha kwenye ratiba. Mtoto haambiwi kwamba anajifunza. Anacheza, na lugha ndiyo njia ya kuingia mchezoni.

Viota vya kwanza vilifunguliwa nchini Nyuzilandi mwaka 1982 na Wamaori, walioona kwamba lugha yao ingezikwa pamoja na wazee wao. Baadaye mfumo huu uliigwa Hawaii, Ufini, Kanada na kwingineko, hasa kwa lugha ambazo wasemaji wake wengi wamevuka umri wa kuzaa.

## Jina

Kwa Kimaori *kōhanga* ni kiota na *reo* ni lugha au sauti. Jina linatokana na picha ya makinda yanayolishwa na ndege wakubwa mpaka yaweze kuruka yenyewe. Huko Hawaii, ambako lugha ya wenyeji ina undugu na Kimaori, kiota huitwa *pūnana leo*. Neno *leo* katika jina hilo ni lilelile *reo* la Kimaori lenye maana ya sauti. Halina uhusiano na neno la Kiswahili "leo".

## Historia

### Kupungua kwa Kimaori

Kimaori ni mojawapo ya lugha za Kiaustronesia, familia ambayo inafika hadi karibu na pwani ya Afrika kupitia Kimalagasi cha Madagaska. Mkataba wa Waitangi ulipotiwa sahihi mwaka 1840 kati ya machifu wa Kimaori na ufalme wa Uingereza, Kimaori kilikuwa lugha ya kawaida ya visiwa hivyo, na Wazungu wengi waliofika kufanya biashara au kuhubiri walilazimika kukijua.

Sheria ya mwaka 1867 ilianzisha shule za vijijini kwa ajili ya Wamaori na kutaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kwa miaka mingi watoto waliosikika wakisema Kimaori shuleni waliadhibiwa, mara nyingi kwa viboko. Adhabu ya namna hiyo inajulikana pia Afrika Mashariki, ambako wanafunzi wengi walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Athari yake kubwa haikuwa kwa watoto walioadhibiwa, maana wao waliendelea kusema Kimaori kila waliporudi kwao. Ilikuja kuonekana walipokuwa wazazi. Wengi waliamua kuwaepusha wanao na fedheha ileile, wakawasemesha Kiingereza tangu utotoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia nyingi zilihamia mijini kutafuta kazi. Kabla ya vita Wamaori wengi waliishi vijijini. Kufikia miaka ya 1970 takriban robo tatu yao walikuwa mijini. Serikali iliwagawia nyumba zilizotawanywa katikati ya majirani Wazungu, hivyo mtoto wa Kimaori angeweza kupita siku nzima bila kukutana na mtu wa kumjibu kwa lugha yake. Takwimu za shule zinaonyesha mporomoko huo: mwaka 1913 takriban asilimia 90 ya wanafunzi Wamaori waliweza kusema Kimaori, mwaka 1953 walikuwa asilimia 26, na mwaka 1975 hawakufika asilimia 5.

Kati ya mwaka 1973 na 1978 mtafiti Richard Benton aliongoza uchunguzi wa familia za Kisiwa cha Kaskazini. Uligundua kwamba walikuwapo bado maelfu ya watu waliokijua Kimaori vizuri, lakini wengi wao walikuwa wazee, na nyumba ambazo watoto wadogo walilelewa kwa lugha hiyo zilikuwa chache mno. Kimaori kilikuwa na mababu na mabibi, lakini hakikuwa na wajukuu.

### Kuanzishwa

Mwaka 1972 vijana wa kikundi cha Ngā Tamatoa na wenzao wa vyuo vikuu waliwasilisha bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Shule kadhaa zilianza kukifundisha kama somo. Tatizo ni kwamba somo la saa chache kwa wiki, linaloanza mtoto akiwa amekwisha kuwa mkubwa, huzaa watu wanaoweza kusalimia na kuimba lakini wasioweza kugombana, kubembeleza wala kutania kwa lugha hiyo.

Katika mikutano ya wazee iliyoitishwa na Idara ya Mambo ya Wamaori mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilitolewa wazo tofauti: kizazi cha katikati kirukwe. Wazee wanaokijua Kimaori wakutanishwe moja kwa moja na watoto ambao bado hawajaanza shule, na lugha ipite kutoka mkono mmoja hadi mwingine kama ilivyopita zamani, kwa kulea. Kiota cha kwanza, Pukeatua, kilifunguliwa Aprili 1982 huko Wainuiomata, karibu na Wellington. Mmoja wa waliousimamia mpango huo tangu mwanzo ni Iritana Tāwhiwhirangi, aliyeongoza kwa miaka mingi shirika la kitaifa la viota, Te Kōhanga Reo National Trust.

Mpango ulienea kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Viota vilifunguliwa katika kumbi za mikutano za ukoo (*marae*), nyumba za watu, kumbi za makanisa na hata gereji. Kufikia mwaka 1985 vilikuwa zaidi ya 400, na mwaka 1993, kilele chake, vilikuwa zaidi ya 800 vyenye watoto takriban 14,500. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya watoto wote wa Kimaori waliokuwa katika malezi ya awali.

## Jinsi mtoto anavyojifunza

Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayeletwa kiotani akiwa na miezi sita na yule anayeletwa akiwa na miaka mitatu. Wa kwanza anapata lugha mbili kwa pamoja, moja nyumbani na moja kiotani, na kwake zote ni lugha za kwanza. Wa pili tayari ana lugha moja anayoitumia vizuri, na ghafla anaingia mahali ambapo haimsaidii. Yanayofuata yanamhusu hasa huyu wa pili.

### Kipindi cha ukimya

Watoto wengi wanaoingia katika lugha mpya hupitia kipindi cha ukimya, cha wiki kadhaa na pengine miezi. Mtoto anacheza, anafuata wenzake, anatii anapoambiwa, lakini hasemi neno la lugha mpya. Wazazi hupata wasiwasi na wengine huhisi mtoto hajifunzi lolote. Kumbe ni kinyume: uelewa hutangulia usemaji, na mtoto anayekwenda kuchukua viatu vyake mara tu mlezi anaposema neno la viatu amekwisha kulijua neno hilo. Walezi wenye uzoefu hawamlazimishi kusema. Wanamsemesha, wanangoja kidogo kana kwamba atajibu, kisha wanaendelea.

Katika kipindi hiki michezo ya amri hufaa sana. Mlezi anasema *E tū!* (simama), *E noho!* (kaa), *Titiro!* (tazama), *Whakarongo!* (sikiliza), na watoto wanafanya. Mgeni huiga wenzake; baada ya siku chache haigi tena, anatangulia. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alijenga juu ya jambo hilohilo mbinu nzima ya kufundisha lugha, ambamo mwanafunzi hujibu kwanza kwa mwili na baadaye sana kwa mdomo.

### Mchezo unaojirudia

Jerome Bruner (1915–2016), mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, alichunguza mchezo ambao karibu kila mlezi huucheza na mtoto mchanga: kuficha uso kwa viganja au kitambaa, kisha kuufunua ghafla na kutamka neno fulani. Aliona kwamba mchezo huo una mpangilio usiobadilika, na ndani ya mpangilio huo kila mtu ana zamu yake. Mtoto anajua nini kitafuata, kwa hiyo akili yake haina haja ya kuhangaika na tukio lenyewe. Inabaki huru kushika maneno. Kadiri siku zinavyokwenda mlezi anamwachia mtoto nafasi kubwa zaidi, mpaka siku moja ni mtoto anayejificha na kutamka.

Siku ya kiota imejaa mipangilio ya aina hiyo. Asubuhi kuna sala au wimbo uleule. Kabla ya kula kuna maneno yaleyale. Kunawa mikono kuna agizo lake, *Horoia ō ringaringa*. Mtu mzima anayetembelea kiota anaweza kuchoka kwa marudio hayo. Mtoto wa miaka mitatu hachoki, na ndiyo sababu umri huo unafaa: hakuna mwanafunzi mwingine atakayekubali kwa furaha kusikia sentensi moja mara arobaini kwa wiki.

Neno *Homai!* (nipe) ni miongoni mwa maneno ya mwanzo ambayo mtoto huyasema, kwa sababu lina faida ya papo hapo. Anayetaka mpira husema *Homai te pōro*. Mwanzoni hajui kwamba *te* ni neno la pekee; amelipokea fungu zima kama kitu kimoja. Baadaye anabadilisha neno la mwisho na kuomba kitu kingine, na hapo sarufi imeanza kufanya kazi bila mtu yeyote kuitaja.

Mfano mzuri zaidi ni wa vimilikishi. Kimaori kina njia mbili za kusema "-angu". Vitu ambavyo mtu ana mamlaka navyo, au anavyovitengeneza na kuvitumia kwa hiari yake, huchukua *a*. Vitu vinavyomfunika, vinavyomtangulia au vilivyo sehemu yake huchukua *o*. Kwa hiyo kitabu changu ni *tāku pukapuka*, lakini kofia yangu ni *tōku pōtae*. Mtoto wangu ana *a*, na mzazi wangu ana *o*. Mwanafunzi mtu mzima hupewa jedwali la kanuni hizi na huendelea kukosea kwa miaka. Mtoto wa kiotani huzipata katika ugomvi wa kila siku kuhusu kofia ya nani na kitabu cha nani. Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kulielewa hilo haraka: hakuna aliyejifunza "kikombe changu" na "kalamu yangu" kwa kukaririshwa ngeli akiwa na miaka miwili.

### Michezo ya jadi na michezo ya kuigiza

Viota hutumia michezo ya watoto wa Kimaori wa zamani. *Whai* ni mchezo wa uzi unaozungushwa vidoleni ili kuunda maumbo, na baadhi ya maumbo husimulia hadithi. Mlezi anasimulia huku vidole vikienda, na mtoto anayetaka kujua umbo linalofuata hana budi kusikiliza. *Kōruru* unafanana na mdako: mawe madogo hurushwa na kudakwa kwa hesabu, hivyo namba hujifunzwa kwa mkono. Kuna pia pia (*pōtaka*), tiara (*manu tukutuku*), michezo ya vijiti vinavyogongwa na kurushwa kwa mdundo, na nyimbo nyingi za vitendo. Wimbo una faida ambayo maongezi hayana: unamruhusu mtoto mwoga kutamka katikati ya sauti za wengine bila kusikika peke yake.

Hata hivyo nyimbo na michezo yenye maneno yaliyopangwa zina mpaka. Mtoto anaweza kujua nyimbo ishirini na asiweze kusema kwamba tumbo linamuuma. Kipimo cha kweli ni mchezo wa kuigiza, ule ambao watoto wa Afrika Mashariki huuita wa baba na mama. Humo watoto wanapanga wenyewe nani ni nani, wanabishana, wanabadilisha kanuni katikati. Hakuna maneno yaliyotayarishwa. Kiota ambamo watoto wanaigiza kwa lugha ya kiota kimefanikiwa. Pale ambapo watoto wanaimba kwa Kimaori mbele ya mlezi na kurudia Kiingereza mara wanapokwenda kucheza pembeni, lugha imebaki kuwa ya watu wazima. Hali hii ni ya kawaida, na dawa yake si karipio. Mlezi huketi chini na kuingia mchezoni, akapewa kikombe cha chai isiyokuwapo, akaomba sukari kwa Kimaori.

Mtoto anaposema jambo kwa Kiingereza, mlezi kwa kawaida hulirudia kwa Kimaori kana kwamba ndivyo lilivyosemwa, kisha hulijibu. Akikosea umbo la neno hutendewa vivyo hivyo: anajibiwa kwa umbo sahihi, na mchezo hausimamishwi.

### Umuhimu wa mtu

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliohusu watoto wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilicheza na kusomewa vitabu na watu waliosema Kichina cha Mandarini, katika vipindi 12 vya dakika 25. Kundi lingine lilionyeshwa watu haohao na vitu vilevile kwenye televisheni. Watoto wa kundi la kwanza waliweza baadaye kutofautisha sauti za Kichina ambazo hazipo katika Kiingereza. Wale wa televisheni hawakupata chochote. Utafiti huo ulihusu usikivu wa sauti tu, si lugha nzima, lakini unaeleza kwa nini viota haviwezi kubadilishwa kwa kanda, video au programu za simu, ingawa ni nafuu zaidi. Mtoto hujifunza lugha ya mtu anayemjali na anayecheza naye.

## Wazee, walezi na wazazi

Katika miaka ya mwanzo nguvu ya kiota ilikuwa wazee (*kaumātua*). Wengi wao walikuwa mabibi waliokuwa na lugha tajiri, yenye methali, matusi ya mapenzi na majina ya kila mmea. Walikuja kulea wajukuu wa ukoo na wengi hawakulipwa kitu, au walilipwa kidogo sana.

Wazee hao walipozeeka na kufariki, nafasi zao zilichukuliwa na walezi wa umri mdogo ambao wengi wao walijifunza Kimaori ukubwani. Lugha ya mlezi wa namna hiyo inatosha kwa chakula na usafi lakini inaweza kumwishia mtoto anapouliza kwa nini mwezi unawafuata. Shule za Kanada, ambako watoto wa wasemaji wa Kiingereza wamefundishwa kwa Kifaransa tangu mwaka 1965, zilionyesha tatizo la jirani na hilo: wanafunzi wanaoisikia lugha kutoka kwa mwalimu mmoja tu hufikia uelewa wa juu sana, huku usemaji wao ukibaki na makosa ambayo hayaishi.

Wazazi ndio upande dhaifu. Kanuni za kiota hutaka Kimaori pekee kisemwe ndani yake, na pia hutaka familia (*whānau*) iendeshe kiota yenyewe: kuajiri, kusafisha, kupanga fedha. Mzazi asiyejua lugha alijikuta anaendesha mahali ambapo hakuruhusiwa kufungua mdomo. Wengine waliona aibu wakakaa mbali. Wengine walianza kujifunza, mara nyingi kwa njia ya Te Ataarangi, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Kāterina Mataira na Ngoi Pēwhairangi, ambamo watu wazima hujifunza Kimaori kwa kupanga na kuelezana vijiti vya rangi, bila kuandika na bila Kiingereza. Nayo pia ni aina ya mchezo. Wapo wanaume na wanawake ambao leo ni walimu wa Kimaori na ambao safari yao ilianza kwa sababu mtoto wa miaka minne aliwauliza swali wakashindwa kulijibu.

## Baada ya kiota

Watoto wa kwanza wa viota walipofikisha umri wa miaka mitano waliingia shule za kawaida za Kiingereza, na wengi walianza kupoteza Kimaori ndani ya muda mfupi. Lugha iliyopatikana mapema huondoka mapema pia ikiwa haitumiki. Wazazi walijibu kwa kufungua shule zao: ya kwanza ilianza mwaka 1985 katika marae ya Hoani Waititi, magharibi mwa Auckland, bila kibali cha serikali. Shule hizi huitwa *kura kaupapa Māori*, na zilitambuliwa kisheria mwaka 1989. Mwaka huohuo wa 1985 madai kuhusu lugha yalipelekwa mbele ya Baraza la Waitangi, chombo kinachosikiliza malalamiko kuhusu mkataba wa mwaka 1840. Ripoti ya baraza ilitoka mwaka 1986, na mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi.

Mtaala wa kitaifa wa malezi ya awali uliotolewa mwaka 1996 unaitwa *Te Whāriki*, yaani mkeka uliosukwa. Uliandikwa kwa ushirikiano na shirika la viota, na una sehemu yake ya Kimaori ambayo si tafsiri ya ile ya Kiingereza.

## Mgogoro na serikali

Viota vilianza chini ya Idara ya Mambo ya Wamaori. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilihamishiwa Wizara ya Elimu, vikawekwa chini ya kanuni zilezile zinazosimamia chekechea nyingine: ukubwa wa vyumba, uzio, choo, vyeti vya walimu. Nyingi ya kanuni hizo zina sababu nzuri, kwa kuwa watoto wachanga wanahitaji usalama. Lakini zilimweka bibi aliyekuwa na lugha yote kichwani katika kundi la wasio na sifa, na malipo ya serikali yakapangwa kwa kufuata sifa hizo. Viota vikawa vinapata kwa kila mtoto kiasi kidogo kuliko chekechea zenye walimu waliosajiliwa. Idadi yake ikaanza kushuka.

Mwaka 2011 shirika la viota lilipeleka madai ya haraka mbele ya Baraza la Waitangi. Mwaka 2012 baraza lilikubali kwamba serikali ilikiuka wajibu wake wa mkataba, kwa kuvipima viota kama huduma ya kawaida ya malezi na kusahau kazi yake ya kuokoa lugha. Siku hizi viota vilivyobaki ni zaidi ya 400, karibu nusu ya idadi ya mwaka 1993.

Sensa nazo zinaonyesha mipaka ya mafanikio. Mwaka 2001 asilimia 25.2 ya Wamaori walisema wanaweza kuzungumza kwa Kimaori mambo ya kila siku. Mwaka 2013 walikuwa asilimia 21.3. Sehemu ya upungufu huo ni vifo vya wazee. Pamoja na hayo, tofauti na mwaka 1975, kati ya wasemaji waliobaki wako vijana wengi, na baadhi yao wanalea watoto kwa Kimaori tangu siku ya kuzaliwa. Watoto hao huja kiotani wakiwa tayari na lugha, na wenzao hujifunza kwao haraka kuliko kwa mlezi yeyote.

## Nje ya Nyuzilandi

Wahamiaji kutoka visiwa vya Pasifiki wanaoishi Nyuzilandi, kama Wasamoa, walikuwa wa kwanza kuiga, wakafungua viota vya lugha zao katika miaka ya 1980.

Huko Hawaii sheria ya mwaka 1896 ilikuwa imeondoa Kihawaii katika shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokisema vizuri walikadiriwa kuwa chini ya 50. Shirika la ʻAha Pūnana Leo liliundwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata lilifungua kiota chake cha kwanza huko Kekaha, kisiwani Kauai. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya familia zenye asili ya kisiwa cha Niihau, ambako Kihawaii hakikuwahi kuacha kuwa lugha ya nyumbani. Hapo pia suala la vyeti lilizuka, na mabadiliko ya sheria yalipatikana mwaka 1986. Shule za serikali zinazofundisha kwa Kihawaii zilianza mwaka 1987, na wahitimu wa kwanza wa sekondari walimaliza mwaka 1999.

Mfano wa Ufini ni mdogo kwa idadi lakini unatazamwa sana na wataalamu. Kisami cha Inari husemwa na watu takriban 300 hadi 400, wote kaskazini mwa nchi hiyo au wenye asili ya huko. Mwaka 1997 chama cha lugha hiyo kilifungua kiota (*kielâpiervâl*) wakati ambapo watoto waliokisema walikuwa wa kuhesabika, na tangu mwaka 2000 watoto waliopitia humo wamekuwa wakisoma shule ya msingi kwa Kisami cha Inari. Baada ya miaka kumi hivi tatizo lilikuwa lilelile la Nyuzilandi: watoto wapo, wazee wapo, walezi na walimu wa umri wa kufanya kazi hawapo. Chama hakikungoja watoto wakue. Mwaka 2009 kikaanzishwa mpango wa mwaka mmoja wa kuwafundisha lugha watu wazima wa fani zilizohitajika, wakiwamo walimu, walezi na wanahabari, na sehemu ya mafunzo hayo ilikuwa kushinda na wazee majumbani kwao, wakipika, wakivua samaki na kufanya kazi za mikono kwa Kisami pekee. Baada ya mafunzo hayo wapo waliokwenda kufanya kazi na watoto, na viota vingine viwili vikafunguliwa.